MPANDA BAISIKELI, SHERIA NA BARABARA

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, na kuchapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.

Leo twataka kuzungumza juu ya baisikeli. Huenda wengine watauliza: Chama kina kazi ya mishahara, saa za kazi na likizo, baisikeli yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mfanyakazi haianzi siku yake langoni mwa kiwanda. Anaianza mlangoni pa nyumba yake, na kama hakufika mzima, nyongeza tuliyompigania atapewa nani?

Mnajua wenyewe jinsi tunavyokuja kazini. Wengi wetu tunaokaa Mukuru, Kayole, Dandora na Embakasi twafika Eneo la Viwanda kwa miguu. Uchunguzi wa usafiri wa Nairobi umeonyesha ya kwamba katika kila safari 100, karibu 40 au zaidi hufanywa kwa miguu. Wapanda baisikeli ni wachache kuliko hao, na sababu moja kubwa ni woga. Mtu anayo baisikeli yake nyumbani, aijua faida yake, ajua nauli ya matatu hupanda mara tu mvua inaponyesha, lakini mkewe humwomba asiipande. Woga huo si wa bure. Kila mwaka, tangu 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya, na waliokuwa wengi kupita kundi lingine lolote ni watu wa miguu. Si wenye motokaa kubwa. Ni watu kama sisi.

Basi ajali inapotokea, jambo la kwanza linalosemwa ni nini? Husemwa: "Wapanda baisikeli hawafuati sheria." Dereva husema hivyo, msimamizi kazini husema hivyo, na hata sisi kwa sisi twasema hivyo. Halmashauri ya tawi imeona ni vema tuyatazame mashtaka hayo moja moja, bila kumpendelea mtu, kama vile tunavyofanya mwanachama anapoitwa ofisini kujibu barua. Kwanza twauliza: je, alitenda? Kisha twauliza: ni nini kilichomfanya atende?

Shtaka la kwanza ni kwamba mpanda baisikeli huenda kinyume cha magari. Ni kweli, hutenda. Na ni jambo la hatari, kwa maana dereva anayetoka njia ya kando hutazama upande magari yanakotoka, wala hatazami upande wa pili. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme lango la kiwanda liko ng'ambo ya barabara yenye ukuta katikati, na mahali pa kugeukia pako mita 800 mbele. Anayefuata sheria ataendesha mita 800 kwenda na mita 800 kurudi, yaani kilomita moja na nusu na zaidi, ili afike mahali anapopaona kwa macho. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa hizo ni dakika 8. Kwa siku sita za kazi ni dakika 48. Na lango hufungwa saa moja kamili. Anayechelewa hukatwa mshahara. Sasa mwambieni mtu huyo asiende kinyume. Barabara yamwambia: zunguka. Saa ya kiwanda yamwambia: fanya haraka. Mabwana wawili hao hawakukutana kupatana, na anayeadhibiwa ni mtumishi wao.

Shtaka la pili ni kwamba hapiti juu ya daraja, bali hukatiza chini katikati ya magari. Hili nalo ni kweli. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokwisha mwaka 2012, yalijengwa madaraja ya waendao kwa miguu, na hata hivyo katika miaka iliyofuata watu wengi waliendelea kuruka ukuta wa katikati. Watu waliwaita wajinga. Lakini mithali yasema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye aliyechora daraja huendesha motokaa; mguu wake ukikanyaga kidogo tu gari lapanda mlima. Baisikeli ya kazi, ile iitwayo Black Mamba, yenyewe ina uzito wa kilo 20 hivi, na juu ya keria pana gunia au kreti. Kuibeba ngazini ni kazi ya hamali. Na pale palipo na mteremko badala ya ngazi, mtu huzungushwa huku na huku mpaka safari ya kuvuka mita 50 yawa mara nyingi zaidi ya hizo. Usiku daraja lisilo na taa ni mahali pa kuvizia wezi. Basi mtu hupima: huku ni gari, kule ni kisu. Hachagui lililo salama, bali lile analodhani ataliwahi.

Shtaka la tatu ni taa nyekundu. Mpanda baisikeli, wasema, hupita taa ikiwa nyekundu. Hapa tutofautishe mambo mawili. Yuko yule anayepita bila kutazama, naye hatuna la kumtetea. Lakini yuko mwingine anayesogea mbele kidogo kabla taa haijageuka kijani, kwa sababu ubavuni mwake pana lori. Nasi hapa Kenya twaendesha kushoto, kwa hiyo lori linalopinda kushoto humfagia aliye upande huo. Dereva akiwa juu kitini haoni kilicho chini ya mlango wake wa kushoto. Mpanda baisikeli ajua hivyo, nayo barabara haikumpa mahali pa kusimama mbele ya magari ambapo angeonekana. Miji mingine ya Ulaya imechora nafasi hiyo kwa rangi, mbele ya mstari wa magari, na jambo hilo halikuhitaji zaidi ya ndoo ya rangi na brashi.

Ziko hata nchi zilizoitazama sheria yenyewe upya. Katika jimbo la Idaho, Marekani, tangu mwaka 1982 sheria humruhusu mpanda baisikeli afikapo penye alama ya kusimama apunguze mwendo, atazame, na kama hakuna mwenye haki ya kupita mbele yake, apite bila kuweka mguu chini. Waliona kwamba baisikeli si lori. Haina nguvu ya kuua watu kumi, na anayeiendesha husikia na kuona kila upande. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sheria ya Kenya. Sivyo. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka mpanda baisikeli atii alama na taa kama wengine, na mwanachama asije akamwambia askari kwamba Chama kimempa ruhusa. Twaonyesha tu ya kwamba sheria ni kazi ya watu, na watu waweza kuitengeneza ikilingana na chombo kinachotumiwa.

Shtaka la nne ni kwamba hupanda juu ya njia ya waendao kwa miguu na kuwasumbua kina mama na watoto. Ni kweli, na ni vibaya. Lakini mtazameni anakotoka. Ukingo wa lami umelika, kuna kishimo kirefu kati ya lami na udongo. Gurudumu likiteleza hapo mtu huanguka chini ya basi. Mbele kuna mfuniko wa mtaro ambao vyuma vyake vimelazwa sambamba na gurudumu, nao hulimeza. Mbele tena matatu imesimama kupakia watu. Na pale palipojengwa njia ya baisikeli, mara nyingi pana magari yaliyoegeshwa, kokoto za fundi na vibanda. Aliyefukuzwa katika nyumba yake huingia ya jirani.

Shtaka la tano ni kwamba hutembea usiku bila taa. Hapa, ndugu, hatuwezi kuilaumu barabara. Askari akimkamata mwanachama kwa kosa hili, Chama hakina la kusema. Mtu mwenye nguo nyeusi juu ya baisikeli nyeusi saa mbili usiku haonekani mpaka gari limemfikia, na dereva aliyemgonga aweza kuwa mtu mwema ambaye hatasahau siku hiyo maisha yake yote. Lakini twauliza kitu kimoja: ni nani aliyepanga zamu itoke saa hizo? Kiwanda hununua helmeti na viatu vya kazi kwa sababu sheria yakilazimisha. Taa na kioo cha nyuma cha kung'aa ni bei ndogo kuliko viatu hivyo.

Sasa, baada ya kuyapima mashtaka matano, twaona nini? Twaona ya kwamba katika manne barabara yenyewe ni mshiriki wa kosa. Barabara ni kama msimamizi asiyesema kwa mdomo. Yaagiza kwa ukuta, kwa ngazi, kwa upana na kwa kona. Ukiweka bango linalosema "Pita hapa," na huku umejenga mahali pasipopitika, watu watalitii jengo, hawatalitii bango.

Jambo hili halikubuniwa na Chama chetu. Denmark ni nchi ya baisikeli nyingi, na mwaka 2019 walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kamera penye njia panda. Palipokuwa na njia ya baisikeli, waliovunja sheria hawakufika 5 katika kila wapanda baisikeli 100. Palipokosekana njia hiyo, walikuwa 14. Watu ni wale wale, wa nchi moja, waliofundishwa katika shule moja. Kilichobadilika ni barabara.

Wengine watasema, hao ni Wazungu, tabia yao ni tofauti. Basi tuwatazame Waholanzi, ambao leo husifiwa kuliko wote. Baada ya Vita Kuu ya Pili walinunua motokaa nyingi, wakapanua barabara, na baisikeli ikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walitoka wakajaa njiani, wakaanzisha chama ambacho jina lake lilikuwa dai lenyewe: Komesheni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikakataza motokaa siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaona kwa macho yao jinsi mji ulivyo bila hatari ile. Kutoka hapo zilianza kujengwa njia za baisikeli, mwaka baada ya mwaka. Hawakuzaliwa na utii katika damu. Walidai, wakajengewa, kisha wakafuata kile kilichojengwa.

Liko jambo jingine moja ambalo halina budi kusemwa, nalo ni mwendo wa magari. Tuseme dereva huchukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na breki zake ni nzima na barabara ni kavu. Akienda kilomita 30 kwa saa, atasimama baada ya mita 13 hivi. Akienda 50, atahitaji mita 28 hivi. Baisikeli ikitokea mita 20 mbele yake, dereva wa kwanza husimama na kutukana. Wa pili hugonga. Tofauti kati ya matusi na mazishi ni hiyo tu. Sheria ya Kenya huruhusu kilomita 50 kwa saa mijini. Mkutano wa mawaziri wa nchi nyingi uliofanyika Stockholm mwezi wa Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu au wa baisikeli huchanganyika. Na mahali gani huchanganyika kuliko mbele ya lango la kiwanda wakati wa kubadili zamu?

Ndugu zetu, Serikali nayo imekwisha kusema mengi. Kaunti ya Nairobi mwaka 2015 ilitoa sera juu ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi ya kwamba sehemu 20 katika kila 100 za fedha za kujengea barabara zitumiwe kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Ahadi hiyo iko katika maandishi. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, toka Mlolongo hadi Westlands, nayo hairuhusu baisikeli wala mtu wa miguu. Hatuna ugomvi na katazo hilo. Mahali pa kasi si mahali pa baisikeli. Lakini anayekatazwa juu apewe nafasi yake chini, pana, laini, isiyokatika, wala asiambiwe baadaye kwamba ni mkaidi.

Tena iko habari ambayo kila mwanachama aishike. Sheria ya Fidia za Ajali Kazini ya mwaka 2007 yasema ya kwamba mfanyakazi anayechukuliwa bure kwa gari lililowekwa na mwajiri kwa kazi hiyo, likiendeshwa na mwajiri au mtumishi wake, huhesabiwa kuwa yu kazini, hata akiwa njiani kwenda au kurudi. Maneno hayo hayamtaji mtu aliye juu ya baisikeli yake mwenyewe. Kwa hiyo wawili waweza kutoka lango moja, saa moja, wakaumia katika kona moja, mmoja akapata njia ya kudai fidia kwa mwajiri na mwenziwe akaambiwa, "Hukuwa kazini." Pengo hili sisi tusipolisema katika mapatano yetu na waajiri, hakuna atakayelisema.

Basi tufanye nini? Tusikae kungoja barabara mpya huku tunazikana. Yako mambo ambayo ni yetu wenyewe. Pima breki zako kabla ya kutoka, si baada ya kushuka mteremko. Washa taa giza linapoingia. Usisimame kamwe ubavuni kwa lori upande wa kushoto penye njia panda. Kaa nyuma yake, au mbele kabisa ambapo dereva anakuona uso kwa uso. Usishike nyuma ya lori ili likuvute mlimani. Ukiwa huna budi kupita njia ya watu wa miguu, shuka usukume; mama mwenye mtoto mgongoni hana kosa lolote kwako. Mtu anayedai haki yake akiwa amevunja ya mwenzake hupunguza nguvu ya wote.

Na yako mambo ya Chama. Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali matano:

1. Kila mwakilishi wa wafanyakazi aandike mahali pa hatari penye njia ya kuendea kiwanda chake: mfuniko wa mtaro, ukingo uliolika, mahali watu wanapokatiza. Aandike jina la barabara na alama iliyo karibu, si maneno ya jumla tu.

2. Katibu apeleke orodha hiyo kwa wenye barabara. Barabara kuu za taifa ni za KeNHA, barabara nyingi kubwa za mjini ni za KURA, na nyingine ni za kaunti. Barua ikienda kwa asiyehusika itakufa mezani.

3. Wajumbe wa tawi wahudhurie mikutano ya wananchi juu ya makadirio ya fedha za kaunti, na waulize kila mwaka swali moja: zile 20 katika 100 ziko wapi?

4. Waajiri waombwe taa, mavazi ya kung'aa na mahali pa kufungia baisikeli penye paa na mlinzi, na wasimkate mshahara anayechelewa dakika chache kwa kufuata njia iliyo halali. Langoni pawekwe matuta na kivuko cha chini kwa chini, magari yapunguze mwendo.

5. Katika mapatano yajayo, ajali ya kwenda na kurudi kazini kwa miguu au kwa baisikeli iwekewe bima na mwajiri, sawa na ya anayepanda gari lake.

Mtaona kwamba hakuna hata moja linaloomba muujiza. Mfuniko wa mtaro wageuzwa kwa mtaimbo na watu wawili. Mstari wa rangi huchorwa kwa usiku mmoja. Yaliyo makubwa, kama njia ndefu za baisikeli, yatachukua miaka. Na ndiyo sababu ya kuanza sasa kuyadai.

Tukimwona ndugu anayekwenda kinyume kesho asubuhi, tumkanye, maana maisha yake ni ya watoto wake. Lakini tukiisha kumkanya, tugeuke tuitazame na barabara iliyompeleka huko, tuiandike katika orodha. Kumkanya kwatosha kwa siku moja. Kuitengeneza barabara kwatosha kwa watoto wetu wote watakaokuja kufanya kazi hapa.

Sasa mkutano uko wazi kwa maswali, na kalamu ya katibu iko tayari kwa orodha.